Askari wa Plastiki na Watu Wasiokuwemo kwenye Boksi

Jumamosi iliyopita, saa nne usiku, nilimkata kichwa askari wa Mfalme George wa Tatu. Nilipitisha wembe chini kidogo ya taya, juu ya kola, kichwa kikaruka, kikadunda mezani na kwenda kujificha chini ya friji. Mke wangu alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Akauliza, "Umeua tena?" Nikamwambia huyu hajafa, anabadilishwa tu.

Nieleze kabla hujadhani nimechanganyikiwa. Ninatengeneza askari wa plastiki wa enzi za vita vya Napoleon, ile miaka ya 1803 hadi 1815 ambapo karibu Ulaya nzima ilikuwa ikipigana. Askari wangu wana urefu wa sentimita 3 hivi. Wanakuja vipande vipande, wameshikana na fremu ya plastiki: kiwiliwili na miguu, mikono kando, kichwa kando, shanta la mgongoni, bunduki ya gumegume. Unawakata, unawapiga msasa, unawaunga kwa gundi, unawapaka rangi. Mpaka hapo ni kazi ya yeyote mwenye subira. Kubadilisha ni habari nyingine. Hapo unamchukua askari ambaye kiwanda kilikusudia awe fulani, unamfanya awe mtu mwingine.

Nyie wapenzi wa vitabu msikimbie. Fasihi ina deni kwa watu hawa wadogo. Juni 1826, katika kijiji cha Haworth kaskazini mwa Uingereza, mchungaji Patrick Brontë alirudi kutoka Leeds na boksi la askari 12 wa mbao, zawadi ya mwanawe Branwell. Dada zake nao wakawaona. Charlotte, msichana wa miaka 10, akamnyakua mmoja na kumwita Duke wa Wellington, yule jenerali aliyemshinda Napoleon. Branwell akachagua wake, akamwita Bonaparte. Waterloo ilikuwa imepita miaka 11 tu. Kutokana na vile vipande vya mbao watoto wanne walitunga nchi nzima yenye vita vyake, siasa zake na magazeti yake, wakaiandika kwenye vijitabu vidogo kwa mwandiko wa kuumiza macho. Mwandishi wa Jane Eyre alijifunzia kazi humo. Sasa kinachonigusa mimi ni mahali walipoiweka nchi hiyo: pwani ya Afrika Magharibi. Waashanti wamo kwenye hadithi zile, lakini kama adui wa kupigwa. Mwafrika aliingia kwenye mchezo mapema kabisa, ila alipewa upande wa pili wa bunduki.

Kumbuka hilo, nitalirudia.

Plastiki ilikuja baadaye sana. Kampuni ya Airfix ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria. Ilijulikana kwanza kwa ndege za kuunganisha, kisha mwaka 1959 ikaanza kutoa askari wadogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ukafuata mfululizo wa Waterloo: Waskoti na sketi zao, askari wa miguu wa Uingereza na wa Ufaransa, Walinzi wa Kaizari, mizinga, wapanda farasi. Kiboksi cha kukaa kiganjani kilibeba makumi ya askari kwa bei ambayo mtoto wa shule aliimudu kwa pesa yake ya mfukoni.

Lakini boksi haliwezi kubeba kila mtu. Kalibu ya chuma ya kumwagia plastiki ni ghali, hivyo kiwanda kinachonga mikao michache na kuirudia: mmoja anafyatua, mmoja amepiga goti, mmoja anakimbia, ofisa ameinua upanga. Majeshi ya wakati ule nayo yalikuwa na sare zisizohesabika. Kila rejimenti ilikuwa na rangi yake ya kola, na hata mistari ya utepe mweupe kifuani kwa Waingereza ilipangwa moja moja au mbili mbili kutegemea rejimenti. Ukitaka Wareno, Waholanzi au Wabavaria ambao hakuna kiwanda kilichowafikiria, uwatoe humo humo kwenye boksi la Waingereza na Wafaransa. Watu husema kubadilisha askari ni sanaa. Mimi naona ilianza kama shida. Ni kama mama aliye na kanga moja na watoto wawili wa kuwashonea.

Na plastiki ya Airfix ya zamani ilikuwa laini, ndugu ya dumu la maji. Gundi haishiki vizuri, na rangi ukiipaka inabanduka askari akijikunja kidogo tu. Vijana wa wakati ule wakajifunza kuwaosha kwa sabuni ya vyombo, kuwapaka gundi nyeupe ya mbao kwanza ili rangi ipate pa kushika, na kuunga vichwa kwa pini. Ukikutana na mzee aliyecheza nao utotoni atakuambia kwamba nusu ya jeshi lake lilikuwa na shingo za chuma.

Mapinduzi yalitoka Ufaransa. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Historex ilianza kutoa askari wa milimita 54 kwa plastiki ngumu, ile inayoyeyuka kidogo kwa gundi na kuwa kitu kimoja. Karibu wote walikuwa wa enzi za Napoleon. Uchongaji wake ni wa kushangaza mpaka leo: vifungo vinahesabika, kila bizimu iko mahali pake. Ila siri kubwa ya Historex ilikuwa vipuri. Ungeweza kuagiza kichwa peke yake, mkono peke yake, kofia, ngoma, tandiko, mkia wa farasi. Katalogi yake ilikuwa kama duka la spea, unaingia na orodha, unatoka na gari lisilokuwepo. Hapo kubadilisha kukaacha kuwa shida na kweli kukawa sanaa, na wakatokea mabingwa kama Shepherd Paine wa Chicago, aliyefundisha kizazi kizima kwa vitabu vyake kwamba askari mmoja mdogo anaweza kusimulia kisa.

Ngoja niwaonyeshe kazi yenyewe, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Tuseme unabadilisha kichwa. Ukikata ovyo unaharibu kola, na kola ndiyo kitambulisho cha rejimenti. Kwa hiyo unakata kidogo kidogo, ukizungusha wembe, kisha unatoboa tundu katikati ya shingo kwa keekee nyembamba unayoizungusha kwa vidole. Humo unaingiza kipande cha waya (mimi natumia vibanio vya karatasi vya ofisini, mhasibu wetu asisome hapa). Kichwa kipya kinakaa juu ya waya, na sasa unaweza kukigeuza. Hapa wengi wanakosea. Kichwa kikitazama mbele pamoja na kifua, askari anakuwa sanamu. Kigeuze kidogo upande wa bega, ghafla amesikia kitu.

Ufa unaobaki unazibwa kwa puti. Wapo wanaoagiza puti maalumu kutoka nje, lakini fundi wa bodi wa mtaani kwetu hunimegea ile anayozibia magari yaliyobonyea, naye amekwisha zoea kuniona nikija na kifuniko cha soda kama kipimo. Inakauka haraka na inapigika msasa. Kwa mikunjo ya nguo haifai, ni ngumu mno. Hapo unahitaji ile ya kukanda ya sehemu mbili, unayoisukuma kwa ncha ya sindano iliyolowa maji.

Ugwe wa chini ya kidevu unatokana na takataka. Unachukua kipande cha fremu iliyobaki, unakishika juu ya mshumaa mpaka kinalegea, unakitoa na kukivuta taratibu. Kinarefuka na kuwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mikanda ya ngozi unaikata kwenye karatasi iliyoloweshwa gundi, au kwenye ile sahani laini ya bati ya chakula cha kubeba. Manyoya ya kofia za Walinzi wa Kaizari yanachorwa kwa sindano ya moto, mstari kwa mstari, na chumba kinanuka kama jalala linaloungua. Nani alisema starehe ni bure.

Kisha kuna mvua. Usiku wa kuamkia vita vya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, mvua ilinyesha usiku kucha na majeshi yote mawili yalilala kwenye tope. Kwa hiyo askari msafi wa Waterloo ni askari wa uongo. Kofia nyingi zilivikwa mfuko mweusi usiopitisha maji, na shaba yote ile ya kuvutia ikafichwa. Unachukua kofia iliyochongwa kwa ustadi na fundi wa kiwandani, unaifunika kwa puti. Inauma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ndiyo maana naiita kazi hii historia. Kitabu kinaweza kukwepa. Kinaweza kusema "askari wakasonga mbele" na msomaji akaridhika. Askari wa plastiki hakwepi. Suruali yake ni ya rangi gani? Amevaa viatu gani? Uso wake ni wa rangi gani?

Swali hilo la mwisho lilinichukua miaka kuliuliza, na mimi ni mtu mweusi niliyekaa Dar es Salaam nikipaka nyuso za waridi, mia baada ya mia. Kopo la rangi namba 61 la Humbrol, lililotumiwa na vizazi vya watengenezaji, limeandikwa kwa Kiingereza neno la ngozi au mwili wa mtu. Halijasema mwili wa nani. Ukilifungua unakuta waridi. Nilinunua makopo matatu kabla sijacheka.

Siku nilipoamua kutengeneza askari mweusi, nilifanya kosa ambalo sasa naona lilikuwa la lazima. Niliwahi kusoma kuhusu Rejimenti za West India, zilizoanzishwa na Uingereza mwaka 1795 kwa ajili ya vita vya visiwa vya Karibiani. Nikatafuta picha, nikapata mtu mweusi aliyependeza kupita kiasi: kilemba, kizibao chekundu chenye nakshi ya njano, suruali pana kama ya Mturuki. Nikakesha wiki mbili nikimchonga kutokana na Mwingereza wa kawaida. Nikapeleka picha kwa mzee mmoja wa Uingereza ambaye tunaandikiana mambo haya. Akajibu kwa upole kwamba kazi ni nzuri sana, ila sare ile ililetwa mwaka 1858. Askari wangu alikuwa amechelewa vita kwa zaidi ya miaka 40.

Nilijisikia mjinga. Baadaye nikajiuliza kwa nini niliikimbilia picha ile. Jibu halikunipendeza: kwa sababu alionekana kama Mwafrika wa kwenye picha. Wakati wa Napoleon wenyewe, askari wa rejimenti hizo walivaa koti jekundu na kofia nyeusi ndefu, karibu sawa na askari mwingine yeyote wa Mfalme George. Cha ajabu kwao hakikuwa mavazi. Kati ya 1795 na 1808 serikali ya Uingereza ilinunua watumwa takriban 13,400 kwa ajili ya rejimenti hizi. Yaani serikali iliingia sokoni, ikalipa kwa kichwa, ikawavisha sare. Mwaka 1807, sheria ya jeshi ilipotamka kwamba askari hao ni watu huru, maelfu waliachiwa utumwa kwa mkupuo mmoja huku wakibaki kambini. Hakuna kilemba kinachoweza kueleza hilo.

Ukipitia askari weusi na "wa Mashariki" ambao viwanda vimependa kuwatoa kwa miaka yote, utaona mtindo. Mamluki wa Napoleon wapo tele, wale wapanda farasi aliotoka nao Misri, na majambia yao na suruali zao nyekundu. Kikosi chenyewe kilikuwa kidogo, kama watu 160, tone katika jeshi la malaki. Lakini wanapakika vizuri! Wapo pia wapiga matoazi weusi wa bendi, wenye vilemba na manyoya, maana majeshi ya Ulaya yalikuwa na mtindo wa kuiga muziki wa Kituruki na yalipenda kuweka watu weusi mbele kama pambo. Rejimenti ya 29 ya Uingereza ilikuwa na wapiga ngoma weusi tangu 1759, pale Admirali Boscawen alipomletea kaka yake, kanali wa rejimenti hiyo, wavulana 10 kutoka Guadeloupe kama zawadi. Soma tena: kama zawadi. Desturi ikaendelea mpaka 1843. Hawa ni watu wa kweli, walisimama kwenye moshi wa Talavera na Albuera na ngoma zao, na wanastahili kuchongwa. Ila wakiwa ndio weusi pekee mezani, meza inasema kwamba mweusi alikuja vitani kupamba.

Wafaransa nao wana yao. Alexandre Dumas wa Musketeer Watatu mnamjua. Baba yake, Thomas-Alexandre Dumas, alizaliwa mwaka 1762 katika koloni la Saint-Domingue, Haiti ya leo, mama yake akiwa mtumwa. Akapanda mpaka kuwa jenerali wa Ufaransa na kuongoza wapanda farasi wa Napoleon kule Misri mwaka 1798. Na kwenye vita vya Arcole, mwaka 1796, ofisa mweusi Joseph Domingue, aliyepewa jina la Hercule, alitumwa na wapanda farasi wachache na tarumbeta zao kuzunguka nyuma ya Waaustria wapige kelele kama jeshi zima. Waaustria wakababaika. Ukitaka kumtengeneza Hercule huhitaji kilemba. Unahitaji ofisa wa kawaida wa Kifaransa, farasi mwenye haraka, na brashi.

Hapo ndipo niliposoma habari za George Rose.

Alizaliwa utumwani Jamaika, akatoroka, na mwaka 1809 akaandikishwa katika Rejimenti ya 73 ya Uingereza. Hakuwa kwenye bendi, hakuwa pambo. Alikuwa askari wa miguu wa kawaida katika rejimenti ya kawaida. Alikuwepo Waterloo, akajeruhiwa mkono kwa risasi. Baadaye akahamia Rejimenti ya 42, Waskoti wale wenye sketi, akapanda mpaka sajini, akastaafu mwaka 1837. Kisha akarudi Jamaika kuhubiri dini kisiwani alikotoroka.

Siku ya Waterloo Rejimenti ya 73 ilipigana ikiwa imejipanga mraba, pamoja na ile ya 30. Mraba ndio kinga ya askari wa miguu dhidi ya farasi: safu pande zote nne, singe zikitazama nje, farasi hataki kujirusha kwenye miiba. Wapanda farasi wenye dirii waliwajia tena na tena mchana ule, na kila walipoondoka mizinga ilianza. Tunajua mengi ya upande huo kwa sababu askari mwingine wa 73, Thomas Morris, aliandika kumbukumbu zake na kuzichapisha mwaka 1845. Mraba ule ni mada ambayo kila mtengenezaji wa Waterloo huifikia siku moja. Mimi nilikuwa na askari 36 wa 73 wakiwa tayari, wamepakwa, kola za kijani iliyokolea, wote waridi.

Nikachukua fremu mpya. Nikaandaa zana zote: kisu, puti, waya, vichwa vya akiba. Nikakaa. Nikagundua kwamba hakuna cha kukata.

Sare yake ni ile ile. Kofia, shanta, gumegume, chupa ya maji, vyote vile vile. Plastiki ikitoka kiwandani ni ya kijivu, uso hauna rangi. George Rose alikuwemo kwenye boksi tangu mwanzo. Aliyemtoa alikuwa ni mimi, mara 36, kwa kopo namba 61.

Nakiri nilikaa na hilo muda mrefu kuliko kawaida. Kazi yangu ya mchana ni uandishi wa habari, na sisi tuna neno letu la kumalizia orodha: "na wengineo". Nimeliandika mara ngapi sijui. Hatuwafuti watu kwa ubaya, tunawafuta kwa sababu nafasi imekwisha na tumezoea.

Mwishowe kichwa nilikikata, yule wa Jumamosi, lakini kwa sababu ya mkao tu. Nilitaka atazame pembeni, kwa mwenzake aliyeanguka. Kazi kubwa ikawa uso. Uso mweusi haupakwi kwa rangi nyeusi, ingawa ndivyo miongozo mingi ya zamani inavyoelekeza, ukapata kitu kama dirisha la usiku. Nilianza na kahawia iliyokolea yenye wekundu ndani. Kwenye mashavu, daraja la pua na paji nikapandisha taratibu kwa kuongeza kahawia ya udongo, kamwe si nyeupe, maana nyeupe inaifanya ngozi ionekane imepauka kama mtu asiyepaka mafuta. Chini ya macho nikatia zambarau kidogo, kwa uchovu. Viganja vikapata rangi nyepesi, jambo ambalo mchoraji asiyeishi na watu weusi hulisahau, halafu nikavichafua kwa weusi wa baruti kama vya wenzake. Nilimwita mke wangu aangalie kwa kioo cha kukuzia. Akasema, "Huyu anafanana na kaka yako akiwa amenuna." Sijawahi kupata sifa kubwa zaidi.

Kisha likabaki suala la mahali pa kumweka. Kona ya mbele ambako kila mgeni atamwona? Au katikati ya safu, kama alivyokuwa? Unaweza kuona ni jambo dogo. Kwenye historia ya modeli za Waterloo, nani awekwe wapi ni jambo lililowahi kumharibia mtu maisha.

Mtu huyo ni William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1830 alipewa kazi ya kutengeneza modeli ya uwanja wote wa Waterloo. Aliishi miezi minane kwenye shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja wenyewe, akipima kila mtaro na kichaka. Halafu akafanya jambo ambalo mwandishi wa habari yeyote angelipenda: akawaandikia maofisa waliopona kuwauliza kila mmoja alikuwa wapi, kikosi chake kimejipangaje, adui yuko upande gani, mnamo saa moja jioni, wakati Walinzi wa Kaizari walipofanya shambulio la mwisho. Majibu yakamiminika kwa mamia. Serikali ikakata fedha njiani, akaendelea kwa fedha zake na za kukopa. Modeli ilipofunguliwa London mwaka 1838 ilikuwa na askari zaidi ya 70,000 wa bati na risasi, kila mmoja mdogo kama punje ya mahindi.

Shida ilikuwa Waprussia. Kwa ushahidi alioukusanya, jeshi la Blücher lilikuwa limekwisha ingia kwa nguvu ubavuni mwa Napoleon saa ile. Watu wa karibu na Duke wa Wellington hawakufurahi, kwa sababu mtazamaji aliyelipa kiingilio angeona ushindi wa watu wawili. Siborne alibishana, akaeleza, akachoka. Mwisho alikubali kuondoa askari wengi wa Prussia kwenye modeli. Hebu fikiria mtu aliyewapanga mmoja mmoja kwa kibanio akiwang'oa mmoja mmoja kwa kibanio kile kile. Alifariki mwaka 1849 bila modeli kumrudishia alichotumia. Barua zile mwanawe alizitoa kama kitabu mwaka 1891, na wanahistoria bado wanazigombania. Modeli yenyewe ipo London, Makumbusho ya Taifa ya Jeshi, na Waprussia wake wachache.

Kuna wanaosema ni ukarabati wa historia kumweka mtu mweusi kwenye mraba wa Waterloo, kwamba ni mtindo wa siku hizi. Wakarabati wa kwanza walikuwa wale waliong'oa. Lakini hoja yao ina upande mmoja ninaoukubali. Ningeweza kupaka nusu ya mraba wangu kahawia nikajisikia vizuri, na ningekuwa nimedanganya kama yule wa kilemba cha 1858. Ushahidi wangu ni wa mtu mmoja. Kwa hiyo ni mmoja.

Nimemweka safu ya pili, upande unaotazama mizinga, mkono wa kulia bado mzima. Aliyesimama mbele yake amepiga goti, hivyo uso wake unaonekana ukiinama kidogo. Kwenye kitako nilitaka kuandika jina lake kwa herufi za dhahabu, nikaandika, nikaangalia, nikafuta. Wale wengine 36 hawana majina. Nikaandika kama nilivyowaandikia wao: 73, Waterloo, 1815.

Jana jioni alikuja rafiki yangu mmoja, mtu wa vitabu kama nyinyi. Aliuzunguka mraba mara mbili na glasi yake ya juisi, akasifia farasi, akasifia tope. Akauliza kwa nini kofia zote nimezifunika wakati shaba ingependeza. Nikamweleza habari ya mvua. Akaniuliza kama naweza kumtengenezea mamluki mmoja wa kuweka kwenye rafu yake. Nikamwambia nitaangalia. Alipoondoka nikachukua tochi, nikapiga magoti nikatafuta chini ya friji kile kichwa cha kwanza, kwa sababu vichwa vya akiba havitupwi.